Mtaro wa Beata

Mtuhumiwa alikuwa anachimba.

Inspekta Veneranda Hyera alisimama kwenye pembe ya nyumba, akihema kwa kupanda kilima kutoka barabarani walikoacha gari, akamtazama. Mtuhumiwa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, gauni amelifunga fundo kiunoni juu ya suruali ya kiume, miguu peku ndani ya matope. Alipiga sururu kwenye ukingo wa mtaro kana kwamba hakuna mtu aliyekuja. Nyuma yake nyumba ilikuwa wazi. Ukuta wa chumba cha nyuma haukuwepo tena. Palibaki lundo la tofali nyekundu, bati lililoning'inia, na kitanda cha mbao kilichovunjika katikati. Juu ya kitanda hicho ndipo mama yake mzazi, Verediana, alipofia, mvua kubwa ya Jumatatu mchana ilipouangusha ukuta.

"Wewe ndiye Beata Ndunguru?"

"Ndiye mimi. Karibuni, afande."

"Unajua tumefuata nini?"

"Mtaro."

"Na bado unauchimba."

"Nauchimba."

Konstebo Frederick, aliyekuwa nyuma ya Inspekta na mkoba wa vifaa begani, alikohoa kidogo. Jalada lililofika Mbinga mjini lilikuwa jembamba na halikuwa na mzunguko. Beata, mtoto wa marehemu, alichimba mtaro nyuma ya nyumba bila ridhaa ya baba yake wala ya kaka yake, Modest, fundi aliyeijenga nyumba hiyo. Mtaro ukadhoofisha msingi, ukuta ukaanguka, mama akafa. Maelezo yalikuwa ya Modest. Barabara ya kupandia huku Litembo ilikuwa imekatika kwa maporomoko tangu mvua ile, polisi wakachelewa, na wazee wa ukoo wakakata shauri lao wenyewe bila kuwasubiri: mtaro ufukiwe, na Beata arudi Lundo, kule Ziwa Nyasa, alikoolewa na kuachwa mjane.

Chini barabarani, baba mdogo wa Beata, mzee Protasi, alikuwa amewapokea kwa adabu zote na ombi moja. Wamchukue mtuhumiwa mapema, maana vijana wa ukoo wangepanda alasiri hiyo kuufukia mtaro.

"Nimekusikia, mzee," Veneranda alikuwa amemjibu. "Nitashuka na yule nitakayemkuta ana la kujibu. Na hakuna atakayefukia kitu mpaka mimi niseme."

Sasa alimwambia Beata, "Weka sururu chini. Hapa ni mahali pa tukio."

"Mahali pa tukio ni pale juu kwenye kona, afande. Pale sijapagusa tangu siku ile. Nimepafunika bati na kuligandamiza kwa mawe, mvua isipaharibu." Beata alifuta jasho kwa mkono wenye tope. "Hapa ni upande wa chumba cha baba. Ukuta wake bado umesimama na mvua bado ipo. Ukiniamuru niache nitaacha, lakini uandike jina lako mahali, ili huo nao ukianguka tujue wa kumuuliza."

Frederick alimtazama bosi wake kuona kama atakasirika. Veneranda alitoa futi ya chuma mfukoni.

"Tutaanza na ukuta ulioanguka," alisema. "Kona baadaye. Wewe simama ninapokuona, na usiseme mpaka nikuulize."

Alianza kazi. Nyumba ilikuwa imekaa kwenye kitako kilichochongwa ubavuni mwa kilima, kama nyumba nyingi za Umatengo. Mbele kuna uwanja na mteremko wa migomba, nyuma kuna ukingo wa udongo mwekundu unaompita mtu kimo. Tofali zilikuwa za kuchoma, nzuri, zililia zilipogongwa. Ila zilikuwa zimeungwa kwa udongo, si kwa saruji. Saruji ilipakwa mbele tu, barazani, inakoonekana na wageni. Veneranda alichukua tofali moja kwenye lundo akasugua mgongo wake kwa kidole gumba. Udongo wa kuungia ulitoka kama uji uliopoa.

"Umelowa mpaka ndani," alisema. "Frederick, piga picha. Na huu mstari hapa."

Kwenye kipande cha ukuta kilichobaki kimesimama, alama ya tope ilikuwa imejichora wazi, tofali tatu kutoka chini. Maji yalikuwa yamesimama hapo, na hayakuwa yamesimama kwa muda mfupi.

Kisha alipima kutoka msingi hadi mtaro. Maelezo ya Modest yalisema mtaro ulichimbwa "unagusa msingi." Frederick alilala chali juu ya nyasi kwa amri ya bosi wake, kichwa kwenye msingi, na Frederick alikuwa mrefu. Viatu vyake havikuufikia mtaro.

"Fundi mzima hawezi kukosea hivi kwa bahati mbaya," Veneranda alisema. Aliingia mwenyewe ndani ya mtaro, sehemu inayopita sambamba na ukuta ulioanguka. Alichuchumaa, akapapasa sakafu yake. Ilikuwa safi. Alama za jembe zilikuwa bado zinaonekana, kali, kama zimekatwa jana. Hapakuwa na mchanga, hapakuwa na majani, wala kijiti kilichobebwa na maji.

"Sasa nakuuliza. Baada ya ile mvua umesafisha hapa?"

"Sijashika jembe sehemu hiyo. Ningetaka, ningeshindwa. Nilikuwa msibani."

"Nani atathibitisha?"

"Kila aliyeniangalia kwa jicho baya. Walikuwa wengi, hawakunipa nafasi hata ya kwenda chooni peke yangu."

Veneranda alisimama. Mvua iliyoweza kulowesha ukuta mpaka tofali ya tatu ilipaswa kuujaza mtaro huu mchanga na takataka. Maji hayakupita humu kabisa. Yalikuwa yameruka mahali fulani huko juu, yakaukimbilia ukuta moja kwa moja.

"Haya," alisema. "Kona."

Kona ilikuwa pale mtaro unaposhuka kutoka ukingoni na kujipinda kuizunguka nyumba kuelekea kwenye migomba. Beata aliondoa mawe yake, akainua bati. Chini yake mtaro ulikuwa umezibwa kutoka ukingo hadi ukingo. Juu paliwekwa mapande ya udongo yenye nyasi zake, yaliyokwisha kuanza kunyauka. Chini ya nyasi palikuwa na maganda meusi ya kahawa, na chini ya maganda yakachungulia mawe. Upande wa kilimani, mchanga ulikuwa umelundikana mpaka juu. Upande wa nyumba mawe yaliegemezwa udongo, na mbele ya udongo huo palikuwa pakavu.

"Mara ya mwisho uliiona kona hii ikiwa wazi lini?"

"Jumamosi jioni. Nilipita kutoa majani. Jumapili tulikuwa kwenye sala za jumuiya, nyumbani kwa Mwenyekiti wake, kutwa nzima. Jumatatu asubuhi niliteremka hospitali kumchukulia mama dawa za mguu. Mvua ikanikuta huko. Niliporudi..." Aliutazama ukingo. "Niliporudi watu walikuwa wameshajaa."

"Na unadhani nani aliziba?"

"Kiliani," Beata alijibu papo hapo. "Shamba la juu ni lake. Maganda ya kahawa ni yake. Mwaka huu amefukia ngolo zake zote akapiga matuta yanayoshuka chini moja kwa moja, maji yote ya kilima yakawa yanakuja kwetu. Nilimwambia. Akaniambia nikafundishe wavuvi."

Veneranda alikuwa Mngoni wa upande wa Songea, lakini ngolo alizijua. Yale mashimo ya Kimatengo yanayopangwa mlimani kama sega la nyuki, ambayo hukamata maji ya mvua yasiteremke na udongo. Aliinua macho. Kweli, juu ya ukingo shamba la jirani lilikuwa limechanwa kwa matuta marefu, yote yameielekea nyumba ya Mzee Bernadi, baba yake Beata.

"Na wewe kuchimba mtaro ulijifunzia wapi?"

"Lundo. Ziwa lilipopanda tulikaa tukilitazama, kila siku tunapima limefika wapi. Tuliweka viroba vya mchanga mbele. Nyumba yangu haikuangushwa na ziwa, afande. Iliangushwa na maji ya mlimani yaliyopita nyuma, sisi tumeelekeza macho mbele. Niliporudi kwa wazazi nikaona nyumba ya baba imekaa vilevile. Nikasema hapana. Mara moja inatosha."

"Baba alikataa?"

"Baba alisema nimuulize Modest. Modest alisema nyumba yake haihitaji mtaro. Mama alisema chimba."

*

Kiliani alikuwa barazani kwake, amekaa kwenye kigoda, ameegemea ukuta kwa uangalifu wa mtu mwenye mgongo mbovu. Hakusimama.

"Shikamoo, mzee," Veneranda alisema.

"Marahaba. Kama umekuja kuniuliza juu ya matuta, shamba ni langu. Hati ya kimila ninayo."

"Sijauliza hati. Kwa nini uliziacha ngolo?"

"Unazijua ngolo wewe? Umewahi kuzichimba? Zinataka mgongo, na wangu umekwisha. Watoto wako Mbinga wanaendesha bodaboda. Niliweka matuta kwa sababu mtu mmoja anaweza kuyapiga. Maji yanateremka, ndiyo. Maji hufuata mkondo. Nimeyaleta mimi au Mungu?"

"Umeyaelekeza wewe," Veneranda alisema. "Hilo tutaliandika, na afisa kilimo atakuja kulitazama. Lakini swali langu ni jingine. Kona ya mtaro wa Beata imezibwa. Maganda ya kahawa yaliyokutwa pale ni yako."

"Maganda yangu yapo pale njiani, lundo zima. Kila mwenye migomba anajichotea. Hata padri anatuma watu." Kiliani alikunja uso. "Sikiliza, mama. Yule binti ana mdomo, na mimi nina wangu. Tumegombana. Lakini tazama." Alijaribu kuinama aokote fimbo yake sakafuni, mkono ukaishia magotini, na jasho likamtoka. Frederick akaiokota akampa. "Sijainua jiwe tangu Krismasi. Hata jumuiya Jumapili ile sikwenda. Nililala hapa hapa."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

"Ulimwona nani akipita?"

"Sikuona mtu. Kutoka hapa ukingo unaficha. Nilisikia tu."

"Ulisikia nini?"

Kiliani alisita, kama aliyefikiri jambo lenyewe ni dogo mno kwa polisi. "Nyundo. Inagonga jiwe. Taratibu, inapumzika, inagonga. Nikasema moyoni, huyu anayefanya kazi siku ya Bwana, watu wote wako kwenye sala, ni nani?"

Veneranda alimshukuru, akaondoka na Frederick. Walipofika nusu ya njia alisimama.

"Frederick. Wewe unataka kuziba mtaro haraka, watu hawajarudi. Unafanyaje?"

"Natupa mawe, natupa udongo, naondoka."

"Nyundo ya nini?"

Konstebo alifikiri. "Labda jiwe lilikuwa kubwa mno."

"Kubwa si ndiyo vizuri, kama unaziba?" Aliendelea kutembea, sasa kwa haraka zaidi. "Twende tukayaangalie yale mawe vizuri."

Aliondoa nyasi na maganda kwa mkono, polepole, Frederick akipiga picha kila tabaka linapotoka. Mawe yalipobaki uchi, safu mbili za juu tu, maana zilizo chini zilikuwa zimezikwa na mchanga na tope, Veneranda alikaa juu ya visigino vyake akayatazama kwa muda mrefu. Kila jiwe lilikuwa limelazwa kwa tumbo lake pana. Kila jiwe la juu lilikalia kiungo cha mawili ya chini yake. Nafasi ndogo zilijazwa vipande vilivyochongwa vikaingia sawasawa, kama meno.

"Pigia picha kila jiwe," alisema. Hapo wakasikia sauti za watu wakipanda.

*

Walikuja sita, majembe begani, mzee Protasi mbele. Katikati yao alikuwa Modest, mwanaume mpana, ndevu zimenyolewa vizuri, shati la kazi lenye madoa ya saruji. Mzee Bernadi, baba yao, alitoka ndani aliposikia vishindo akasimama mlangoni na koti lake la msiba.

Beata alikuwa amerudi kwenye mtaro upande wa chumba cha baba. Aliwaona, akaweka sururu mlalo mbele ya miguu yake, akasimama papo hapo.

"Toka humo," Protasi alisema. "Shauri lilikwisha."

"Lilikwisha kwenu."

Wakaanza kusema kwa Kimatengo, wote kwa pamoja. Veneranda alipanda juu ya ukingo ili aonekane.

"Semeni Kiswahili, wote tusikie. Majembe yawekwe chini. Atakayetia udongo kwenye mtaro huu anaharibu ushahidi, na gari langu lina nafasi." Alisubiri mpaka jembe la mwisho liliposhuka. Kisha akabadili sauti, ikawa laini, ya mtu anayeomba msaada. "Modest, wewe ndiye fundi wa nyumba hii?"

"Kuanzia msingi. Imesimama miaka yote bila mtaro wa mtu yeyote."

"Nisaidie basi, mimi si fundi. Njoo hapa kwenye kona. Hiki kilichoziba ni nini?"

Modest alitazama mara moja tu. "Maporomoko. Ukingo umeshuka. Ndiyo hatari ya kuchimba chini ya ukingo, nilimwambia."

"Na haya mawe?"

"Yameshuka na udongo."

"Mimi nilidhani pengine mtu ameyaweka." Veneranda alitikisa kichwa. "Lakini kama ni mtu, basi si mtu wa kazi. Tazama yalivyokaa ovyo ovyo. Hata mtoto angefanya vizuri zaidi. Konstebo, yapige teke yatoke, tusipoteze muda."

Shavu la Modest lilicheza. Frederick alishuka mtaroni, akaegemea ukingo, akapiga teke. Mawe hayakujibu. Akapiga tena kwa kisigino, kwa nguvu zote, akateleza akaanguka kwenye tope. Kijana mmoja wa ukoo alicheka, akaacha.

"Hafifu kabisa," Veneranda alisema. "Vuta lile la juu, Konstebo. Litatoka lenyewe."

Frederick alivuta. Lilikataa.

"Hayatoki hivyo," Modest alisema, na sauti yake ilikuwa ya fundi anayemsemesha kibarua. "Utavunja mkono bure. Mpaka ung'oe la chini, lile refu lililoingia ukingoni. Ndilo linalofunga."

Kijana aliyekuwa akitafuna bua aliacha kutafuna.

"Lipi?" Veneranda aliuliza.

Modest alitazama mawe. Alitazama tope lililofunika safu za chini.

"Chimba, Konstebo. Taratibu."

Frederick alifukua mchanga kwa mikono, kisha kwa beleshi. Chini kabisa likaonekana jiwe moja refu, limelala kukatiza mtaro, ncha zake mbili zimezama ndani ya kingo za udongo kama boriti. Ubavu wake mmoja ulikuwa umechongwa karibuni. Jeraha lilikuwa jeupe.

"Umelionaje, fundi?" Veneranda aliuliza. "Mimi niko hapa tangu asubuhi, sijaliona."

"Fundi yeyote anajua. Ukuta wa mawe lazima uwe na jiwe la kufungia."

"Ukuta, ndiyo. Wewe umeniambia ni maporomoko."

Modest alirudi nyuma hatua moja.

"Jumapili, watu wakiwa jumuiya, nyundo imesikika hapa ikichonga jiwe," Veneranda aliendelea. "Wewe Jumapili hiyo ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Kichwa kilikuwa kinaniuma."

"Nani alikuona?"

Mzee Bernadi alikuwa ameshuka kutoka mlangoni, amefika mpaka nyuma ya mwanawe bila mtu kumwona anatembea.

"Modest," alisema. "Mimi ni baba yako. Ni wewe?"

Modest hakugeuka. Alinyoosha shingo, na aliposema alisema kwa sauti ya juu, ya mtu anayetaka kusikika mpaka kwa jirani.

"Kila ninakokwenda kazini naulizwa: na mtaro je, fundi? Dada yako anasema nyumba bila mtaro ni kaburi. Mpaka kwa mapadri nimeulizwa. Nyumba nilizojenga mimi zimejaa kilima hiki, watu wakaanza kuzizunguka wakitazama nyuma. Nilitaka maji yapite uwanjani, basi. Yaingie kidogo, watu waone mtaro wake ndio unaoleta maji. Kisha ningeufukia, yangekwisha."

"Na ulijua mama analala chumba cha nyuma," Beata alisema kutoka mtaroni.

"Nilijua. Ukuta ule niliujenga mimi. Haukupaswa kuanguka." Alisema tena, sasa kwa sauti ya chini, "Ukuta wangu haukupaswa kuanguka."

"Ulioungwa kwa udongo," Veneranda alisema, "ukasimama ndani ya maji mpaka tofali ya tatu. Ule wa kuziba ulikaa sawasawa. Ndio ulioshika maji." Alimwashiria Frederick. "Modest Ndunguru, uko chini ya ulinzi. Utatoa maelezo Mbinga, na utakuwa na haki ya kuwa na mtu wako."

Protasi alisogea haraka, mikono ameifungua. "Afande, tafadhali. Haya ni ya nyumba moja. Marehemu ni mama yake, hakuna anayemlilia zaidi yake. Tuyamalize kifamilia. Beata atasema amesamehe, jalada litafungwa."

"Jalada si la Beata," Veneranda alisema. "Hana uwezo wa kulifunga."

"Hata ningekuwa nao," Beata alisema. Alikuwa hajatoka mtaroni. "Baba mdogo, mlipokaa kikao cha kunifukuza, nani alisema haya ni ya nyumba moja? Mlinizuia hata kutia udongo kwenye kaburi la mama. Mlisema mkono uliochimba usichimbe tena. Leo mnataka neno langu. Silitoi."

Protasi alimgeukia kaka yake. "Bernadi, sema. Huyu ndiye mwanao wa kiume uliyebaki naye."

Mzee Bernadi alimwekea Modest mkono begani, na watu wakadhani atamkumbatia. Alimsukuma kidogo tu, kumwelekeza kwa konstebo.

"Nenda," alisema. "Usimsumbue huyu afande kwa kukuburuta. Nenda kwa miguu yako."

Wingu lilikuwa limekwisha kushuka kilimani. Upepo wa baridi ukapita kwenye migomba, na mbali upande wa juu mvua ikaanza kusikika kwenye majani ya kahawa ya Kiliani. Veneranda alipima jiwe la kufungia kwa futi, akalipigia picha za mwisho, akalitia alama kwa chaki.

"Hili linakwenda Mbinga," alisema. "Yaliyobaki tumeshayapiga picha. Litolewe kabla maji hayajafika."

Vijana wawili walilishika wakashindwa. Lilikuwa limekaa. Modest, akiwa ameshafika penye njia, alisimama.

"Hamtalitoa hivyo," alisema. "Nipeni mtaimbo. Nitalitoa mara moja."

Wote walimtazama Inspekta. Inspekta alimtazama Beata.

"Asiuguse mtaro wangu," Beata alisema.

Aliufuata mtaimbo mwenyewe jikoni. Aliuchomeka chini ya ncha ya jiwe, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote. Jiwe lilitoa sauti lakini halikusogea. Akaning'inia tena. Mzee Bernadi alivua koti la msiba, akalikunja, akaliweka juu ya nyasi. Aliingia mtaroni na viatu vyake vya kanisani, akashika mtaimbo nyuma ya mikono ya binti yake. Mara ya tatu jiwe lilitoka ukingoni na safu zote za juu zikashuka pamoja nalo.

Beata na baba yake wakayatupa nje mawe mengine na mchanga. Vijana walilibeba jiwe la kufungia mpaka garini, likawekwa sakafuni, mbele ya miguu ya Modest. Alikaa amelitazama, mikono imefungwa, na aliposikia mvua imefika juu ya paa la gari hakuinua uso.

Maji ya kwanza yalitokea kwenye matuta ya Kiliani yakiwa mekundu, yamebeba majani na povu. Yalifika kwenye kona. Yalijaa hapo kidogo, yakazunguka kama yanayotafuta, kisha yakajipinda. Yakapita nyuma ya chumba kisicho na ukuta yakaachia mchanga wao kwenye sakafu ya mtaro, yakashuka kwenye migomba. Pale ukuta ulipokuwa hapakufika hata tone la kilimani.

Veneranda alisimama chini ya upenu, kofia imelowa, akaona yote hayo. Upande wa chumba cha baba mtaro ulikuwa haujafika mwisho. Maji ya upande ule yalikuwa yanaanza kujikusanya, yanasogea taratibu kuelekea msingini.

Beata aliokota sururu. Kisha akawatazama wale wanaume waliosimama mvuani na majembe yao chini, hawajui kama waondoke au wakae.

"Majembe mnayo," alisema. "Mlipanda kufanya kazi. Kazi ni ile."

Hakuna aliyesogea. Mvua iliongezeka. Mzee Bernadi, aliyekuwa bado yumo mtaroni, aliinama akachukua jembe la Protasi lililokuwa ardhini, akalipiga kwenye udongo. Kijana aliyecheka alikunja suruali akaingia. Wa pili akamfuata, kisha wengine, wakapangana mstari, udongo ukawa unarushwa upande wa chini kama Beata alivyowaonyesha.

Protasi alibaki peke yake juu ya ukingo, maji yakimtiririka usoni, mikono mitupu. Alimtazama Inspekta kama anayetaka kuambiwa neno. Mwishowe mzee akakaa juu ya jiwe, akaanza kufungua kamba za viatu.